Je, Luffy na Nami ni lazima wapendane?

SWALI: Dada, salamu nyingi. Mimi na kaka yangu tumekua tukisoma One Piece, ile manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya maharamia, na kila tukiizungumzia tunaishia kwenye ubishi uleule. Yeye anasema hadithi ndefu namna hii, isiyo na mapenzi baina ya steringi na msichana aliye naye chomboni karibu tangu mwanzo, ina pengo. Mimi naona Luffy, ndiye steringi, na Nami wako sawa kama walivyo, ila nashindwa kumweleza kwa nini. Mahaba baina ya wahusika wakuu yana umuhimu gani katika manga ya safari na mapambano?

JIBU: Mdogo wangu, niko upande wako, na si kwa kuyadharau mahaba. Nayapenda mno, ndiyo maana sitaki yawekwe tu ili yawepo. Mapenzi yakiingia kwenye hadithi ya safari, nataka yageuze njia: yamfanye mtu achague jambo ambalo bila hayo asingelichagua. Yasipofanya hivyo, hata ukiyaondoa hakuna kitakachopungua.

Swali la kaka yako, Eiichiro Oda, mchoraji wa One Piece, alishaulizwa na wasomaji wake, katika kurasa za maswali zinazochapwa ndani ya majuzuu ya One Piece. Alijibu kwamba mabaharia wale wanachokipenda ni safari yenyewe. Amelishikilia hilo tangu alipoanza mwaka 1997, na sasa kazi imevuka juzuu la 100.

Mwambie kaka yako arudi kwenye kisa cha Arlong, yule haramia katili. Nami alilazimishwa tangu utotoni kumchorea ramani yule yule aliyemuua mama yake mlezi, huku akikusanya beri (fedha ya humo hadithini) milioni 100 ili akikomboe kijiji chake. Fedha zinaporwa, Arlong anavunja ahadi, naye Nami anaanza kujichoma kisu begani penye chale ya maharamia wale. Luffy anamshika mkono. Kabla ya hapo dada yake Nami alipotaka kuwasimulia wageni yaliyompata mdogo wake, Luffy aliondoka. Mambo yaliyopita ya Nami hakuyahitaji ili amwamini. Nami anapomwomba msaada, Luffy anamvika ile kofia yake ya majani, kofia asiyopenda iguswe ovyo, kisha anakwenda kupigana. Tena haishii kumpiga Arlong. Anakibomoa chumba kizima ambamo Nami alifungiwa kuchora. Sasa niambie, busu lingeongeza nini pale? Naamini lingepunguza. Tungeanza kudhani alipigana kwa kuwa anamtaka, ilhali alipigana kwa kuwa ni mwenzake chomboni, na angefanya hivyo kwa Usopp au kwa Sanji, wenzake wengine.

Lakini ukitaka kumshinda kaka yako kwa haki, usimwambie kwamba One Piece haina mapenzi. Boa Hancock anampenda Luffy kupita kiasi, na Luffy hamrudishii mapenzi ya namna hiyo. Hata hivyo, bila Hancock, Luffy angeingiaje gereza la Impel Down kumtafuta kaka yake Ace? Malkia huyu alikuwa amekataa mwito wa serikali, akaukubali kwa ajili ya Luffy na kumficha katika safari ile. Kisha kwenye vita vya Marineford akampa ufunguo wa pingu za Ace. Haya ni mapenzi ya upande mmoja, lakini yamebeba sehemu nzima ya hadithi. Hapo ndipo kipimo changu kinaponitosha.

Zipo kazi ambazo ukiondoa mapenzi hubaki na kurasa tupu. Inuyasha ya Rumiko Takahashi ni moja. Inuyasha na Kikyo walipendana. Adui yao Naraku akavaa sura ya kila mmoja na kumshambulia mwenzake, kila mmoja akaamini amesalitiwa, na Kikyo akampigilia Inuyasha mtini kwa mshale. Miaka 50 baadaye msichana Kagome anamkuta hapohapo. Upendo uliovunjwa kwa hila ndio uliozaa safari yote, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kulalamika kwamba mahaba yamezidi.

Ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, iliyochapwa kuanzia 2001 hadi 2010. (Nitataja mwisho wake, kwa hiyo asiyeisoma aruke aya mbili.) Winry ni fundi wa viungo vya chuma, mkono na mguu wa chuma wa Edward, steringi wa hadithi, ni kazi yake. Wazazi wake walikuwa madaktari waliouawa na Scar vitani Ishval walipokuwa wakitibu majeruhi. Siku anapoujua ukweli huo, Scar yuko mbele yake na bastola iko chini, naye anaiokota. Edward anasimama katikati. Hamwambii kwamba anampenda. Anamkumbusha mikono yake: ilisaidia mtoto kuzaliwa kule Rush Valley, ndiyo iliyompa yeye mkono na mguu, si mikono ya kuua.

Winry hafyatui. Na tukio hilo halisahauliwi kurasa mbili mbele. Baadaye, kaskazini kwenye baridi, Winry huyohuyo anamfunga Scar jeraha, akimweleza wazi kwamba hajamsamehe. Uamuzi wa mtu mmoja, uliotokana na maneno ya anayempenda, umegeuza njia ya adui. Ndiyo maana mwishoni, kituoni, Edward anapoposa kwa lugha ya alkemia, yaani kutoa kitu ili upate kingine, nusu ya maisha yangu kwa nusu ya maisha yako, na Winry akasema atampa yote, mimi sioni kwamba mahaba yamebandikwa mwishoni. Yalikuwa yakifanya kazi majuzuu mengi kabla hawajayataja. Hawakuhitaji hata kushikana mikono mara nyingi.

Ukilinganisha na Naruto utaona tofauti, na hili linaniuma kwa sababu Hinata ni mhusika ninayemthamini sana. Anajitupa mbele ya adui aitwaye Pain akijua hawezi kushinda, anakiri upendo wake, anapigwa, na Naruto anapandwa na hasira isiyozuilika. Hadi hapo, mapenzi yamegeuza pambano. Lakini baada ya hapo ungamo lile linaachwa bila jibu kwa sura nyingi mno, na Novemba 2014 manga inaisha kwa kutuonyesha wameshaoana na wana watoto. Namna walivyofika huko ilisimuliwa kwenye filamu iliyotoka mwezi uliofuata. Alichokidai Hinata kwa damu kilistahili kupewa nafasi ndani ya kurasa zenyewe.

SWALI: Dada, kwa nini wachoraji wengi wanasubiri sura ya mwisho ndipo wawaoanishe wahusika?

JIBU: Tazama zinakochapwa. Jarida la Weekly Shonen Jump limejengwa juu ya maneno matatu: urafiki, juhudi, ushindi. Mapenzi hayamo. Tena sura hutoka kila wiki, wasomaji wanapiga kura, na kila msomaji ana wake anayetaka awe mke wa steringi. Naona ndiyo maana mchoraji anaogopa kuwapoteza nusu yao mapema. Naielewa hofu hiyo, ila siikubali. Mtu akishampata mwenzake bado ana cha kupoteza, pengine zaidi ya mwanzo.

SWALI: Nataka safari na mapenzi kwa pamoja, tena msichana awe ndiye kiongozi. Nianze na ipi?

JIBU: Yona of the Dawn ya Mizuho Kusanagi, iliyoanza mwaka 2009 katika jarida la Hana to Yume. Binti mfalme anashuhudia baba yake akiuawa na Su-won, binamu yake anayempenda tangu utotoni, usiku wa siku yake ya kuzaliwa akitimiza miaka 16. Anatoroka na Hak, mlinzi wake, na bado anashindwa kuitupa pini ya nywele aliyopewa na Su-won. Soma kwa utaratibu juzuu la kwanza, hata kama Yona atakukera kwa kudeka kwake. Bila kumjua alivyokuwa ikulu, hutaona ukubwa wa siku anapojikata nywele.