AC Haili Gesi: Majibu kwa Wanaouliza Kuhusu Uvujaji

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo ambalo nimeshalijibu humu zaidi ya mara moja. Nalijibu tena, kwa sababu wenye majumba na hoteli wanaendelea kulipishwa bure.

Maalim, AC za vyumba vyetu hapa Nungwi zinataka kuongezwa gesi kila baada ya miezi 3. Fundi anasema ni kawaida kwa sehemu za pwani. Ni kweli?

Si kweli. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yale yale miaka nenda miaka rudi, na ikipungua ujue imetoka mahali. Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na hapa mchukuzi ni huyo fundi anayerudi na mtungi wake kila miezi 3.

Pwani ina lake, sikatai. Chumvi inakula mapezi ya alumini na viungo vya kondensa, yaani koili ya ile mashine ya nje. Lakini hiyo ni sababu ya kulitafuta tundu, si ya kuliacha. Mwambieni aanze kwa macho. Gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo penye vumbi lililoganda kwa mafuta, hasa kwenye nati za kuunganishia na pale bomba linaposuguana na ukuta, pana shaka. Kisha aivute gesi iliyobaki kwa mashine ya kukusanyia, asiiachie hewani, ajaze naitrojeni, gesi isiyowaka, halafu apake povu zito la sabuni ya vyombo kwa brashi. Asipake na kuondoka! Tundu dogo halitoi mapovu makubwa. Baada ya dakika kadhaa utaona utando mweupe wa vipovu vidogo sana umejikusanya upande mmoja wa nati. Ndipo hapo.

Na mjue mnachokiachia hewani. R22, gesi ya AC za zamani, inaharibu ozoni, ndiyo maana inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. R410A, ya AC zilizofuata, haigusi ozoni, ila zote mbili hutia joto duniani karibu mara 2,000 kushinda uzito ule ule wa kaboni dioksidi.

Niko Wete. Naitrojeni kuifikisha Pemba ni ghali. Naweza kupima kwa oksijeni ya kuchomelea?

Usithubutu. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mafundi wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Kama naitrojeni haijafika, kazi isubiri meli.

Nimevuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote mabombani, saa nzima, geji ikabaki pale pale. Hiyo si dalili kwamba hakuna uvujaji? (Fundi kijana, Kiembesamaki)

Mwanangu, geji gani? Ile ya kawaida ya mafundi haioni tofauti ya maikroni 500 na maikroni 5,000 (maikroni ni kipimo cha hewa iliyobaki ndani). Mshale unasimama mahali pamoja. Hewa ya kawaida ni maikroni 760,000, na sisi tunataka kushuka hadi 500 au chini yake. Hilo linahitaji geji ya maikroni.

Ukiwa nayo, funga valvu, zima pampu, uangalie namba inavyopanda. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, ndani mna unyevu unaochemka. Ikipanda bila kusita, hewa inaingia, yaani kuna tundu. Kwa hewa yetu hii yenye majimaji, mafundi wengi hulaumu tundu kumbe ni unyevu, na wengine kinyume chake.

Lakini hata vakyumu ikishika, usiape. Vakyumu inaupima mfumo kwa psi 14.7 tu (psi ni kipimo cha mgandamizo), tena kwa kuvutia ndani. R410A katika joto letu inasukuma kwenda nje kwa zaidi ya psi 200 hata mashine ikiwa imezimwa. Nati iliyobanwa na vakyumu inaweza kuachia ikisukumwa. Anza kwa naitrojeni, usipite kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine, ndipo uvute vakyumu. Na andika joto pamoja na mgandamizo: ukijaza psi 300 mchana wa nyuzi 35, alfajiri ya nyuzi 25 geji itasoma kama 290 bila tundu lolote. Nimeona watu wanafumua kazi nzima kwa psi hizo 10.

Naruhusiwa kupima mtungi wa gesi ya kupikia kwa kiberiti?

Hapana. Sabuni. Na swali hili lisirudi tena.

Kiwanda chetu cha barafu Mkokotoni kinanuka amonia asubuhi, mchana hakinuki. Tulitafuteje tundu?

Harufu ya asubuhi ni uvujaji wa siku nzima. Mchana upepo unaipeleka. Chukueni karatasi nyekundu ya litimasi, iloweni, mpitishe kwenye kila kiungo na kila shina la valvu: inapogeuka buluu, hapo hapo. Simameni upepo unakotokea, na asiingie mtu peke yake. Amonia inapofika sehemu 300 katika milioni ya hewa ni hatari kwa maisha. Msikubali kiraka cha shaba wala cha shaba nyeupe, amonia inaila.

Mita ya skuli yetu Makunduchi inazunguka usiku mifereji yote ikiwa imefungwa, lakini hakuna mahali palipolowa.

Wala hapatalowa. Ardhi yenu ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, maji yanadidimia kabla hayajaonekana. Msingojee dimbwi. Fungeni valvu za matawi moja baada ya moja huku mtu anatazama mita. Tawi ambalo likifungwa mita inasimama, ndilo. Kama bomba ni la chuma, wekeni ncha ya nondo juu yake usiku na sikio kwenye ncha ya pili, mtausikia mvumo. Bomba la plastiki linameza sauti, kwa hiyo sikilizeni kila baada ya hatua chache.

Ila nina hofu kubwa kuliko bili. Maji yanapokatika, mgandamizo unashuka na tundu lile lile linavuta kutoka nje. Kama liko karibu na karo la choo, watoto wanakunywa kilichomo karoni. Visiwa hivi vimeshazika watu kwa kipindupindu. Chemsheni au tieni klorini kuanzia leo, msisubiri fundi.

Tuna mashine ya kufungashia pweza kwa vakyumu, imeacha kushika. Tununue kipimo cha heliamu?

Hapana, ni ghali na kwenu hakina kazi ya kutosha. Kipimo hicho hunusa heliamu inayopulizwa nje ya mashine ikipenya ndani, nayo inafaa kwa sababu hewani imo sehemu 5 tu katika milioni, basi hata tone likipenya linaonekana. Ni kazi ya viwanda vinavyohitaji vakyumu kali. Kwenu tazameni kwanza mpira wa mfuniko, umekauka au una magamba ya chumvi. Kisha mafuta ya pampu: yakiwa meupe kama maziwa yameingia maji, yabadilisheni, ndipo mniandikie tena.