"Mhariri mpya ana muonekano wa kisasa": mtu au programu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ofisini tunatumia WordPress kuweka habari kwenye tovuti, juzi watu wa aiti wakaapdeti, tukatumiwa tangazo: "Mhariri mpya ana muonekano wa kisasa, vifungo vimepunguzwa na vingine vimehamia kulia." Sasa mhariri wetu ni mama mtu mzima, ametaniwa wiki nzima. Hicho Kiswahili kiko sawa kweli? Na ile batani ya bluu ya Chapisha wengine wanaogopa kuibofya wakidhani inaprinti.

Jibu: Marahaba, na mpe pole mama. Kwa Kiingereza mtu anayehariri na programu ya kuhariria wanaitwa jina moja, editor, kwa Kiswahili hapana, na tatizo linaanzia kwenye hiyo M. Kuna atakayebisha kwamba M siyo ya watu peke yao, mbona kuna msumeno, mswaki, mtambo, na ni kweli, ila angalia majina yanayotoka kwenye vitenzi: pika mpishi, linda mlinzi, andika mwandishi, yakianza na M yakaishia na I sikio linasubiri mtu, vifaa vyenyewe vinapenda kuishia na O, tega mtego, funika mfuniko. Mhariri hata hiyo I hakuongezewa, kitenzi hariri kimekuja nayo kutoka Kiarabu, lakini kashakaa foleni moja na kina mpishi, na ukishamwandikia "ana" umemaliza kabisa, huyo ni binadamu na mwisho wa mwezi anadai mshahara.

Programu ipeleke KI-VI, iite kihariri. Ina ndugu zake tayari, kivinjari, kikokotoo, kichapishi. Mkiwa mnapiga stori ofisini semeni edita, hakuna atakayewakamata, hapo upatanisho ndo unaamua: "edita amebadilika" ni mama kasuka mtindo mpya, "edita imebadilika" ni programu.

Vifungo sasa. Kifungo ni cha shati au cha jela, ndo maana "vifungo vimepunguzwa" inasomeka kama msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba. Cha kubofya ni kitufe, au batani kama ulivyoandika mwenyewe. Lakini hapa mi nagombana na maana kuliko sarufi. Kwa maelezo yako mmetoka kwenye kihariri cha zamani mkaingia cha bloku, kile kilichokuja na WordPress 5.0 Desemba 2018. Cha zamani kilikuwa boksi moja refu, vitufe vyote vimejipanga juu kama kwenye Word, cha sasa kila aya ni bloku yake, na vitufe vya kukoleza herufi au kuweka linki vinajitokeza kwenye bloku uliyoigusa tu, ukitoka vinapotea. Kwa hiyo havijapunguzwa, vimefichwa mpaka uvihitaji, na mtu akisoma "vimepunguzwa" hatavitafuta, ataenda kulalamika aiti. Halafu tangu toleo la 5.4 la mwaka 2020 kihariri kinafunguka kimejaa skrini nzima, menyu ya kushoto haionekani, na hilo ndo linalowachanganya watu kuliko yote wala tangazo halijaligusa.

Muonekano: andika mwonekano, kama mwongozo. MU inabaki ikikutana na U nyingine, muundo, muumba. Magazeti yanaandika muonekano kila siku na tunaelewa, ila tangazo la ofisi liwekee W.

Mi ningeandika hivi: "Kihariri kimebadilika mwonekano. Vitufe vya kupanga maandishi vinatokea ukigusa aya husika, mipangilio mingine iko upande wa kulia. Menyu ya kushoto haijafutwa, bofya nembo iliyo juu kushoto utaipata."

Kuhusu Chapisha, wanaoogopa wana haki, maana zipo programu zinazotumia neno hilohilo kwa kuprinti. Ila chukua kitabu chochote cha Kiswahili cha zamani kidogo, fungua ukurasa wa pili au wa tatu, mara nyingi utakuta "Kimechapishwa na" kampuni fulani, chini yake "Kimepigwa chapa na" kiwanda fulani. Wa kwanza ndo mwenye uamuzi wa kukitoa, wa pili kaweka wino tu. Chapisha ni kufanya kitu kichapwe, siyo kukichapa mwenyewe, kwa hiyo kwenye tovuti neno limekaa mahali pake kabisa, la printa ndo lingetafutiwa jingine, na hilo mtaani tunalo, kuprinti. Waambie waibofye. Mara ya kwanza inafungua paneli ya kuuliza kama uko tayari kuchapisha, nadhani hiyo ndo inawatisha maana inafanana na ile ya printa, ukibofya tena habari inapanda kwenye tovuti, karatasi haitoki popote.