Mtu mzima na mieleka ya maski, raha yake ni ipi? (jibu refu, vumilieni)

Kuna kijana kauliza hapo juu, ati nyinyi mnaoacha WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, na mataa yake yote mkaenda kutizama watu wamejifunika nyuso wakipigana kwenye ukumbi wa watu mia mia, mwapata raha gani na mwajua kabisa mambo yamepangwa. Wengi wamemjibu kwa matusi. Mie ntajibu kwa vile nnavyoona mwenyewe.

Hilo la kupangwa tulimalize kwanza. Yamepangwa, ndio, hata refa anajua. Lakini mtu akirushwa juu ya kamba akaangukia simiti, ile simiti haikuhudhuria kikao. Basi tuendelee.

Mimi niliingilia kwa Rey Mysterio, mwanamieleka wa maski wa WWE, kama nusu ya vijana wa Mombasa. Huko Majengo tulikuwa twabanana kwenye mabenchi ya banda la vidio, siku kuna Rey watoto wasio na hela wanachungulia dirishani, na mtaani kila mtu ajaribu 619, lile teke lake la kujizungusha kambani, kwenye kamba ya kuanikia nguo, mama zetu wametuchapa sana kwa hilo. Sasa wakati ule sikujua kuwa Rey alishavuliwa maski 1999 akiwa kampuni nyengine, WCW, akapigana uso wazi kwa muda, ndio akaja WWE 2002 akaivaa tena. Nilipozipata zile mechi za uso wazi YouTube nikashangaa, mtu ni yule yule, kuruka ni kule kule, lakini kuna kitu hakipo. Nikaanza kuchimba, na ukichimba mieleka ya maski utaishia tu kwenye vikampuni vidogo vidogo ambavyo hakuna televisheni ya maana inayovionyesha.

Kitu chenyewe ni hiki: uso ukizibwa, yote yahamia mwilini. Chukua El Generico, mwanamieleka wa maski wa hivyo vikampuni vidogo. Huyu alitangazwa ni mtu wa Tijuana huko Meksiko, haongei, labda maneno mawili ya Kihispania cha kuokoteza, akiingia ukumbi mzima waimba ole, ole. Uso wake huuoni lakini bega likishuka wajua moyo umevunjika, akikaza ngumi wajua sasa ameamka, na mie huwa naangalia kwa simu yenye kioo kimepasuka, picha yenyewe yakwama kwama kwa sababu bando inaishia, na bado naelewa kila kitu. Hebu nambie ni tamthilia gani utaifuata hivyo bila sauti.

Yeye alipigana sana PWG, kampuni ya California iliyoanzishwa 2003 na wanamieleka wenyewe, na miongoni mwao Super Dragon na Excalibur ni watu wa maski (Excalibur mpaka kutangaza mechi yuatangaza nayo usoni). Kwa miaka mingi walikuwa kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu pale Reseda, viti vya kukunja, paa la chini, ulingo uko karibu na watu kiasi kwamba mtu akirushwa nje mashabiki ndio wanakimbia na viti vyao. Kofi la kifua walisikia paa! bila kipaza sauti. Wasikia jamaa anahema. Kwenye uwanja wa watu elfu ishirini hicho kitu hukipati hata ulipe tikiti ya mbele.

Halafu kuna siri, na hii ndio naipenda zaidi. 2013 Generico akaacha mieleka, hadithi ikawa amerudi Meksiko kulea watoto mayatima. Muda si muda WWE akatokea jamaa wa nywele nyekundu kutoka Montreal, Sami Zayn, yuapigana vile vile... haya. Akiulizwa habari za Generico yuazungumza kama wa mtu mwengine kabisa. Na mashabiki nao, watu wazima wenye kazi na watoto, ukiwauliza watakwambia Generico yuko Tijuana na mayatima wake, mwache apumzike. Wote twajua na wote twanyamaza. Anayekuja kwenye komenti kutufichulia, huyo ndiye mgeni.

Wameksiko ndio wenye kitu chenyewe, nitapita haraka maana nikianza hatumalizi. Maski ya kwanza ya maana kule ilishonwa 1934 na fundi viatu, Antonio Martínez, ndio maana hadi leo nyuma yafungwa kwa kamba. (Nilimpa fundi wangu wa viatu hapa Mwembe Tayari hii hadithi, swali lake lilikuwa moja tu, walimlipa ngapi.) Kumvua mwenzio maski kwa nguvu ni kosa, wapoteza mechi. Lakini mnaweza kuwekeana dau, maski kwa maski, atakayeshindwa avua mbele ya watu na kutaja jina lake la kuzaliwa. El Santo, mwanamieleka wao maarufu kuliko wote, hakuwahi kuipoteza yake, alipofariki 1984 akazikwa nayo.

Arena México sio ukumbi mdogo lakini mieleka yao ya Ijumaa saa mbili na nusu usiku huku kwetu ni Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hivyo nikishaswali nina chai na mahamri yangu naiwasha, na kuna vibibi wamekaa mbele wanawarushia maneno wanamieleka wanaocheza ubaya, wallahi ni wanawake wa vugo kabisa usiku wa harusi.

Wajapani usiwasahau. Great Sasuke, aliyeanzisha kampuni ya Michinoku Pro 1993 huko kaskazini, 2003 alichaguliwa bunge la mkoa wa Iwate akakataa kuivua maski hata ndani ya bunge. Lakini mtafute Aprili 1994, mashindano ya Super J-Cup, yeye na Jushin Liger, maski wote wawili. Sasuke akapanda kamba aruke, akateleza, akaanguka vibaya. Liger akasimama akaanza kumpigia makofi ya kejeli mbele ya ukumbi mzima, na akiwa bado yuko kwenye makofi yake Sasuke akamrukia, akamviringisha, moja mbili tatu, kwisha. Watu wabishana mpaka leo kama kuteleza kule kulikuwa kwa kweli. Nimeirudia sijui mara ngapi na kila nikiirudia nabadilisha msimamo.

Kwa hivyo kijana, kama wataka kuonja, anza na hiyo ya Sasuke na Liger. Kisha tafuta Generico na hasimu wake Kevin Steen, kampuni ya Ring of Honor, Desemba 2010, Steen akishindwa yuafukuzwa kampuni, Generico akishindwa avua maski. Sikwambii nani alishinda, na usigugo. Weka bando ya usiku maana ni ndefu, na nyie mlioiona mkimharibia hapa chini tutagombana.