Masanduku mawili baada ya miaka 24

Juzi msibani Tabata, mtoto wa kaka yangu aliniuliza mbele za watu: "Baba mdogo, miaka 24 Uingereza, ndiyo umerudi na masanduku mawili?" Wazee wakamkemea. Mwanangu, hukukosea kuuliza. Pale nilikosa la kusema, basi nakujibu hapa.

Miaka sita ya kwanza nilibeba boksi bila karatasi, nalipwa mkononi. Hakuna mchango hata mmoja wa pensheni ulioandikwa kwa jina langu. Nilipopata kibali niliingia nyumba ya kulelea wazee, Leicester, zamu za usiku: kuwageuza kitandani, kuwaogesha, kuwabadilisha. Magoti na mgongo niliviacha huko. Pensheni ya serikali kule inataka angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na 35 upate kamili. Mimi ninayo 18, yaani nusu na chembe. Tena ukihamia Tanzania inaganda: kiwango ulichoanza nacho ndicho hicho hicho mpaka unazikwa, wakati waliobaki kule wanaongezewa kila mwaka. Hilo sikuambiwa na mtu, wala sikuuliza.

Hela nilizotuma hazikupotea, nataka ulijue hilo. Ni ada zenu, ni matibabu ya bibi yako, ni bati za nyumba hii. Sijutii hata senti. Ninachojutia ni miaka ya mwisho. Nilipofika umri wa miaka 60 nilikuwa nimeshavuka ile miaka 10 ya michango, na nguvu za kusimamia duka nilikuwa nazo bado. Lakini niliona aibu kurudi bila gari bandarini. Kila mwaka nikasema mwakani.

Na nyumbani maisha yaliendelea bila mimi. Mama yako mdogo amezoea kuamua peke yake: fundi bomba, luku, ugomvi wa mpaka na jirani. Wiki tatu za kwanza nililetewa chakula mezani kwenye sahani za kabatini, zile za wageni, wenyewe wakila mkekani kwenye za plastiki. Iliniuma kuliko baridi yote ya Leicester. Siku moja nikaingia jikoni, nikachukua ya plastiki, nikaenda kusimama pale mkekani. Mke wangu akaniangalia kitambo, halafu akasogea, akanipa nafasi.

Kama bado una nia ya kwenda, sikuzuii. Njoo Jumamosi kwanza nikuonyeshe karatasi zangu za michango, mwaka kwa mwaka, uione ile sita mitupu.