Ján Kocian na Timu ya Yemen

SWALI: Ndugu Mhariri, katika Kombe la Mataifa ya Asia la mwaka 2019, lililochezwa Falme za Kiarabu, Yemen ilifungwa mechi zote 3 bila kupata hata bao moja. Wenzangu wanashikilia kwamba kocha wake, Ján Kocian kutoka Slovakia, hakuwa na lolote la maana katika soka. Je, wana haki? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wanamwonea. Kocian, aliyezaliwa mwaka 1958 mjini Zlaté Moravce, alikuwa beki wa Dukla Banská Bystrica kabla ya kuhamia Ujerumani Magharibi mwaka 1988 na kujiunga na FC St. Pauli ya Hamburg, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Bundesliga, yaani ligi kuu ya huko, akadumu nayo hadi mwaka 1993, ingawa katikati ya muda huo iliteremka daraja.

Kilele chake kilikuwa Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia. Akiwa beki wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya mabeki wenzake ili kuzuia kila kinachowapita, aliisaidia Chekoslovakia, nchi ambayo Slovakia ilikuwa sehemu yake wakati huo, kufika robo fainali, ambako Ujerumani Magharibi, mabingwa wa mwaka huo, walishinda 1-0 tu, tena kwa mkwaju wa penalti wa Lothar Matthäus. Mchezaji wa kiwango hicho hawezi kuitwa mtu asiye na historia.

Ukocha wake ulikuwa na milima na mabonde. Alipoifundisha Slovakia, kipigo cha 5-2 kutoka kwa Wales mjini Trnava, Septemba 2007, kiliwaumiza sana mashabiki, na mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Vladimír Weiss, aliyeipeleka timu hiyo Kombe la Dunia la 2010. Hata hivyo ni Kocian aliyempa Marek Hamšík, kiungo aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa Slovakia, mechi yake ya kwanza ya taifa, Februari 2007, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko matokeo ya usiku mmoja. Baadaye, nchini Poland, aliichukua Ruch Chorzów msimu wa 2013/14 ukiwa umeshaanza, akaimaliza ligi katika nafasi ya 3.

Kuhusu Yemen, tiketi ya michuano ilikuwa imepatikana mapema mwaka 2018 chini ya Abraham Mebratu wa Ethiopia, na Kocian alikabidhiwa timu miezi michache tu kabla ya michuano kuanza. Ligi ya nchi hiyo ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa kwa sababu ya vita, na hata mechi za nyumbani zilichezewa ugenini. Kufungwa 5-0 na Iran, 3-0 na Iraq na 2-0 na Vietnam kulikuwa kuchungu, lakini sioni kocha ambaye angeweza, katika muda ule, kuwapa wachezaji wale kile ambacho ligi iliyosimama iliwanyima.