Kwa Anayeanza Kupima Gesi za Volkano

Wengi wanaoingia katika kazi hii hutamani kukaa na mashine za maabara, ilhali makosa yaliyo mengi hutendeka kwenye tundu la mvuke. Chupa ya kioo iliyoondolewa hewa na kutiwa myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu hunasa kaboni dioksidi na gesi za salfa ndani ya kimiminika, huku naitrojeni, hidrojeni na heliamu zikibaki juu yake. Katika mwaka wangu wa kwanza nilirudi na chupa nne, na tatu kati yake zilikuwa zimevuta hewa ya kawaida, kwa sababu sikungoja mvuke uisukume nje ya bomba.

Sampuli ikiwa safi, usikimbilie wingi wa gesi moja. Kaboni dioksidi huiacha magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ingali kwenye kina kirefu, lakini salfa hungoja hadi magma ikaribie uso wa ardhi. Ndiyo maana kupanda kwa uwiano wa kaboni dioksidi kwa salfa, kama ilivyoonekana kwenye volkano za Etna na Stromboli, Italia, huweza kutangulia mlipuko. Maji ya ardhini nayo huvuruga mambo, kwani huimeza dioksidi ya salfa ikaonekana haba. Kwa hiyo pima pia joto, asidi, kloridi na salfeti za chemchemi zilizo jirani.

Hata kupungua kwa gesi kusikutulize. Kwenye volkano ya Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, dioksidi ya salfa ilipanda kutoka takribani tani 500 kwa siku katikati ya Mei hadi zaidi ya tani 5,000 tarehe 28, kisha ikashuka chini ya tani 300 mwanzoni mwa Juni. Waliokuwa zamu walitazama matetemeko pamoja na gesi, wakashuku kwamba njia ya gesi imeziba. Mlipuko mkuu ulitokea tarehe 15 Juni.

Galeras, Kolombia, ililipuka tarehe 14 Januari 1993 na kuua watu tisa, sita kati yao wakiwa wanasayansi waliokwenda kreta, yaani shimo la kilele, kwa kazi. Vipimo vya mbali vinavyotumia mwanga wa anga vikikutosheleza, usishuke. Ukilazimika kushuka, chukua sampuli haraka uondoke, na usiiname penye bonde lisilo na upepo: kaboni dioksidi hutuama humo, na barakoa ya kichujio haiizuii.