Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli Katika Vijiji vya Kusini Unguja

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunakusudia kwenda Unguja mwezi wa Julai kupita vijiji vya pwani ya kusini mashariki kwa baiskeli, kutoka Bwejuu hadi Kizimkazi. Wapo waliotuambia kwamba ufukwe wote unapitika, na wapo waliosema tusiiache lami. Tumfuate nani, na siku moja itatosha? Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Jambo la kwanza ninalowashauri ni kuigeuza safari. Julai ni msimu wa kusi, nao upepo huo huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kwa nguvu ambayo mtu wa bara haitarajii, hivyo atakayetoka Bwejuu kuelekea Makunduchi atakuwa anaukabili uso kwa uso karibu njia nzima. Anzieni Kizimkazi, mpite Mtende na Makunduchi, kisha mpande kaskazini hadi Jambiani, Paje na Bwejuu huku upepo ukiwasukuma. Mngekuja Januari, wakati wa kaskazi, ningewaambia kinyume chake.

Kuhusu ufukwe na lami, waliowashauri wamesema kweli wote wawili, ila hawakuwatajia mahali wala saa. Kutoka Kizimkazi hadi karibu na Jambiani fuateni barabara, kwa sababu sehemu kubwa ya pwani hiyo ni majabali ya matumbawe. Kutoka Jambiani hadi Bwejuu mchanga hupitika vizuri maji yakiwa yamekupwa, na wenyeji wenyewe huufanya njia yao ya kila siku. Maji yakijaa njia hiyo hutoweka, nanyi mtabaki kusukuma baiskeli kwenye mchanga mkavu chini ya minazi. Kwa hiyo kabla ya kupanga siku, tazameni mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Unguja hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, bahari haiendi mbali, na mchanga mgumu huwa ukanda mwembamba tu.

Siku moja inatosha kwa mwenye haraka, lakini ninawaomba mtenge mbili na mlale Makunduchi au Jambiani. Pale Kizimkazi Dimbani upo msikiti ambao maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia; ombeni ruhusa, mvue viatu, nanyi mama mjifunike. Makunduchi, ikiwa tarehe zenu zitaangukia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, mtakuta watu wakipigana kwa mapande ya migomba ili kumaliza ugomvi wa mwaka unaokwisha, na siku hiyo baiskeli ifungwe nyumbani.

Mkifika Jambiani, endesheni polepole na mtazame chini. Vigingi vifupi vilivyopangwa kwa safu, vyenye kamba zilizofungwa mashada ya mwani, ni mashamba ya akina mama wanaolima zao hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na gurudumu likipita juu ya kamba hukata kazi ya wiki kadhaa. Marundo ya mawe mtakayoyaona mchangani nayo yana mwenyewe: chini yake yamezikwa makumbi ya nazi, ambayo huachwa miezi hadi yaoze, ndipo yafukuliwe, yatwangwe na kusokotwa kamba za usumba. Mawe hayo yasiguswe. Zungukeni, na mkikutana na watu kazini semeni shikamoo kwa wakubwa kabla ya kuuliza njia. Picha zipigwe baada ya kukubaliwa.

SWALI: Je, baiskeli ya kukodi isiyo na gia itafaa, na maji ya chumvi hayataiharibu? Msomaji wa Tanga.

JIBU: Itafaa, kwa kuwa upande huo wa kisiwa ni tambarare. Kinachofaa kukaguliwa kabla ya kulipa ni breki, tairi na mnyororo. Punguzeni upepo kidogo kwenye tairi mnaposhuka mchangani, na mjaze tena mnaporudi kwenye lami, hivyo pampu lazima iwemo mfukoni pamoja na viraka na gundi. Msiiendeshe ndani ya maji hata kama ni ya kina cha kifundo cha mguu, maana chumvi huingia kwenye gololi na kuzila kimyakimya. Jioni ifuteni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kisima, muikaushe, kisha mtie mnyororo mafuta. Ndoo nzima haihitajiki, na katika vijiji ambavyo maji matamu ni ya kubeba, si adabu kuiomba kwa ajili ya baiskeli.